Maili na Siku: Safari ya Miguu na Safari ya Ndege

Mtu asimamaye Himo, penye njia panda ya Taveta, Marangu na Moshi, huulizwa mara nyingi na wapita njia, "Je, ni mbali?" Leo nataka tuone ya kuwa swali hilo lina majibu mawili, la maili na la siku, na ya kuwa majibu hayo hayafanani.

Tuanze na waendao kwa miguu. Tarehe 27 Aprili 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyeijua njia ya misafara. Tarehe 11 Mei aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa mbali, kisha akafika Kilema, juu ya Himo yetu. Sasa chukueni ubao. Toka Rabai hata Himo ni maili kama 145 kwa mstari ulionyoka. Mtu mzima hutembea maili 3 kwa saa. Basi saa 48 zingetosha, yaani siku mbili kamili! Mbona siku 14 zilipita naye hajafika bado? Kwa sababu njia hupindapinda, na miguu haiendi usiku kucha. Nyika ya Taru ni kavu, maji hutafutwa. Wapagazi hupumzika, na chakula hununuliwa njiani.

Labda mtasema, "Hayo ni mambo ya miguu, eropleni haichoki." Haya, tazameni. Mwaka 1932 Imperial Airways ilifungua njia ya ndege toka London hata Cape Town, maili kama 8,000, na Moshi ilikuwa kituo kimojawapo, kati ya Nairobi na Dodoma. Ndege zile zilikwenda maili kama 100 kwa saa. Gawanyeni: saa 80, yaani siku tatu na theluthi. Lakini safari ile ilichukua siku kama 11. Kwa nini? Kwa desturi ndege hazikuruka usiku; petroli ilitiwa mara nyingi; abiria walilala vituoni; na sehemu moja ya Ulaya waliipita kwa gari la moshi. Mambo yakawa yale yale ya wapagazi.

Tena, njia yaweza kuhama. Mwaka 1937 ndege za London ziendazo Afrika ya Kusini zilihamishiwa pwani, zikawa ndege zituazo majini, zikipita Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Moshi haikusogea hata hatua moja, lakini kwa msafiri wa London ikawa mbali kuliko jana. Mwaka 1971, kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro kilipofunguliwa kati ya Moshi na Arusha, ikawa karibu tena.

Wazee husema, "Njia ya mwongo fupi." Hesabu ya maili peke yake ni njia ya namna hiyo. Kwa hiyo mwenye mgonjwa wa kupelekwa hospitali, au mwanafunzi aendaye kufanya mtihani, asiulize tu chombo kina mbio gani. Na aulize: Kitaondoka saa ngapi? Kitasimama wapi? Nikishuka, nitaendelea kwa chombo gani? Saa za kungoja nazo ni saa za safari; asiyezihesabu atachelewa, hata akipanda chombo chenye mbio kuliko vyote.