Chungu cha Moto Mdogo

Majiko ya ukanda wa ziwa yamezoea kujisifu kwa haraka. Jiko la kuni ambalo akina mama wafinyanzi wa Keyo, karibu na Kisumu, wamelifinyanga na kuliuza kwa miaka mingi linaitwa Upesi. Awali jiko la aina hiyo lilijulikana kama Maendeleo, kwa kuwa lilienezwa miaka ya 1980 kupitia shirika la Maendeleo ya Wanawake. Jina la pili lilimfaa zaidi mnunuzi. Maendeleo ni ahadi ya serikali. Upesi ni uji wa mtoto kabla ya kengele ya shule.

Sasa kimeingia mjini chombo chenye sifa ya kinyume. Kinauzwa rafu moja na birika za umeme na blenda, na kwenye boksi kimeandikwa “slow cooker”. Walio nacho nyumbani hulitaja jina hilohilo, au husema tu “ile sufuria ya stima”. Jina la Kiingereza linatosha dukani. Halitoshi kwa anayetaka kuandika upishi wake kwa Kiswahili, achilia mbali anayetaka kumweleza mama mkwe asikiogope.

Kabla ya kukipa jina, tukitazame. Kina ganda la nje lenye waya wa kupasha joto, chungu kizito cha kauri kinachokaa ndani ya ganda hilo, na kifuniko, mara nyingi cha kioo. Kinakula wati 150 hadi 300 hivi, kutegemea ukubwa, ilhali birika ya umeme inaweza kula 2,000. Umeme huo mdogo hupandisha joto taratibu, saa baada ya saa, mpaka likafika chini kidogo ya kiwango cha kuchemka na kubaki hapo. Mvuke hupanda, hugusa kifuniko, hugeuka maji na kurudi chunguni. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama ya Mombasa. Pengo kati ya chakula kinachotokota mekoni na kinachojiivia ndani ya chombo hiki ni dogo zaidi huku ziwani kuliko kule pwani.

Aliyekibuni ni Irving Naxon, mhandisi wa Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1940. Wazo lilitoka kwa mama yake, aliyemsimulia jinsi Wayahudi wa Lithuania walivyopeleka vyungu vya maharagwe na nyama kwa mwoka mikate Ijumaa jioni, vikalala ndani ya tanuri lililokuwa likipoa, vikaiva bila mtu kuvunja Sabato kwa kuwasha moto. Naxon aliuza chombo chake kama cha kupikia maharagwe. Kampuni ya Rival ilinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot. Jina hilo halitaji mwendo hata kidogo. Linataja chungu cha udongo, mara mbili.

Nyumbani, majina yanayopendekezwa ni ya namna tatu, na nitayapita haraka. La kwanza ni “mpishi polepole”. Hili ni tafsiri ya neno kwa neno, na masikio ya Kiswahili yanasikia mtu: mpishi ni wa ngeli ya A-WA, na mpishi polepole ni yule anayestahili kuachishwa kazi hotelini. La pili ni “jiko la polepole”. Hapa tatizo ni jiko. Kisumu ukisema jiko, watu huona makaa. Ukisema amepata jiko, watu huuliza harusi ni lini. Chombo chetu si jiko kwa maana yoyote, kwa sababu huwezi kuteleka kitu kingine juu yake. La tatu ni kuunda neno jipya, kama walivyounda jokofu kutokana na joko, tanuri la kuchomea vyungu, pamoja na -fu ya kufa. Jokofu ni neno la werevu, nalo liko kwenye kamusi. Jikoni watu husema friji.

Kasoro ya haya yote ni kwamba yanashika neno la Kiingereza mahali lilipo dhaifu. Upole wa mwendo ni matokeo tu. Chakula kinachelewa kwa sababu joto ni dogo, na joto ni dogo kwa makusudi. Mpishi yeyote wa Kiswahili ana maneno ya jambo hilo tangu zamani: acha kwenye moto mdogo, punguza moto, tia moto juu na chini. Wala haidhuru kwamba ndani ya chombo cha umeme hakuna mwali. Kiswahili hakijawahi kudai mwali. Tunasema chai moto na maji moto, na mwenye koili ya umeme humwambia binti yake apunguze moto bila kuona ajabu. Kwa hiyo napendekeza chungu cha moto mdogo. Chungu, kwa sababu ndicho kilichomo ndani, na kwa sababu ngeli ya KI-VI inakitenganisha na uchungu wa mwarobaini. Moto mdogo, kwa sababu ndiyo siri yake yote. Ni maneno manne, ndiyo, lakini mashine ya kufulia nayo si fupi na hakuna aliyelalamika.

Jina hilo lina faida nyingine. Mtu akisikia “polepole” atadhani kwamba muda unatosha kuivisha kitu chochote. Hautoshi. Maharagwe mekundu mabichi yana lektini, protini inayomtapisha mtu na kumharisha, na joto la chini ya kuchemka haliiondoi hata maharagwe yakilainika. Naxon na maharagwe yake wasikudanganye. Anayetaka kupika nyoyo, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, kwa chombo hiki aloweke maharagwe kwa saa 5 au zaidi, amwage yale maji, ayachemshe kwa maji mapya mekoni yakitokota kwelikweli kwa dakika 10 kwa uchache, bora 30, ndipo ayahamishie chunguni. Neno “mdogo” limekwisha kumwonya nusu ya njia.

Matunda hayana hatari hiyo, na ndiyo maana anayeanza ninamshauri aanze na kitindamlo. Neno hili nalo linastahili kusimamishwa kidogo. Kitindamimba ni mtoto wa mwisho, aliyefunga uzazi wa mama yake. Kitindamlo ni kile kinachofunga mlo. Waliolitunga hawakutafsiri chochote kutoka Ulaya. Walikwenda kwenye familia wakachukua neno lililokuwepo, na ndiyo sababu linaeleweka mara ya kwanza ukilisikia. Wapo wanaosema kwamba Waluo hawana kitindamlo, kwamba samaki na ugali vikiisha mtu hunawa mikono na habari imekwisha. Mimi ninawaona watu kwenye soko la Kibuye siku ya Jumapili wakibeba nanasi na maembe nyumbani baada ya kanisa. Yanaliwa baada ya chakula. Ni kitindamlo hicho, kimekosa kupikwa tu.

Basi kipike hivi. Menya nanasi moja la wastani, toa macho na moyo wake, likate vipande vya kadiri ya kidole gumba. Ongeza maembe matatu yaliyoanza kuiva lakini bado magumu. Lile bivu la kunyonya litageuka uji. Tia sukari vijiko vinne vya chakula, maji ya ndimu moja, tangawizi iliyosagwa kijiko kimoja cha chai, kijiti cha mdalasini na karafuu tatu. Usitie maji. Hili ndilo kosa la waliozoea sufuria: mekoni maji hukauka, kwenye chungu hiki hayaendi popote, na nanasi litatoa ya kwake ya kutosha. Koroga, funika, weka kiwango cha chini kwa saa 3 au 4, au cha juu kwa saa 2. Usifunuefunue. Kila ukifunua unatoa joto lililochukua muda mrefu kukusanyika.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kwenye nyuzi 85 hivi pektini, inayoshikanisha chembechembe za tunda, huanza kulegea. Mekoni joto la chini ya sufuria huwa kali kuliko la juu, hivyo kipande cha chini huvurugika na sukari huungua kabla cha juu hakijalainika. Chunguni joto hutoka ubavuni kote, na sukari pamoja na ndimu huizuia pektini isiachie yote kwa mara moja, kwa hiyo kipande hulainika huku kimeshika umbo. Nanasi hupata jambo la ziada. Likiwa bichi lina bromelaini, kimeng’enya kinachomeng’enya protini. Ndicho kinachowasha ulimi, na ndicho kinachofanya maziwa yaliyochanganywa na nanasi bichi yawe machungu. Joto hukiua. Ndiyo maana nanasi lililopikwa unaweza kulila na maziwa lala bila wasiwasi, na kwa kweli hakuna kinacholifaa zaidi ya maziwa lala yaliyopoa.

Stima ikipotea katikati ya safari, na hupotea, usihangaike kwa tunda kama ambavyo ungehangaikia nyama. Asidi na sukari hulinda, na kauri huhifadhi joto kwa muda. Umeme ukirudi, endelea. Ikiwa ni nyama iliyokaa saa nyingi ikiwa vuguvugu, itupe.

Asiye na stima wala chombo chenyewe hajaachwa nje. Nyakach, kusini mwa Kisumu, shirika la Solar Cookers International lilianzisha mradi wa kupikia kwa jua mwaka 2003, na wanawake wa huko wakauziana majiko ya kadibodi iliyofunikwa karatasi ya kung’aa, sufuria nyeusi ikikaa katikati ndani ya mfuko wa plastiki. Chakula kilichukua saa kadhaa na hakikuungua. Kuna pia lile kapu lililoshonewa matambara au pamba kuzunguka ndani, ambalo wengi Kenya huliita kwa Kiingereza “fireless cooker”, yaani jiko lisilo na moto. Chemsha matunda yako dakika 10 kwenye sufuria yenye kifuniko kizuri, yaingize kapuni yakiwa bado yanatokota, funika kwa mto, rudi baada ya saa 2. Wazo ni la zamani: sanduku la Mnorwe Johan Sørensen lililofanya kazi hiyohiyo lilionyeshwa Paris mwaka 1867. Hapa jina la Kiingereza ni sahihi kabisa, maana kapu kweli halina moto wake. Majina yakitajwa kwa mfuatano huo, jiko la jua, kapu lisilo na moto na chungu cha moto mdogo, kila moja linamwambia mpishi joto linatoka wapi na ni la kiasi gani, jambo ambalo neno “polepole” lingelificha kwa yote matatu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoagiza vyombo hivi na kuviuza Kisumu na kwingineko. Ndani ya boksi kuna kijitabu cha lugha tano au sita, na Kiswahili hakimo. Wekeni ukurasa mmoja. Juu andikeni chungu cha moto mdogo, chini yake onyo la maharagwe kwa herufi kubwa, kisha upishi wa nanasi.