Tanuri na Ndimi: Wafanyakazi wa Feleji wa Pittsburgh, 1892–1923

Hudaiwa mara nyingi kwamba watu wa lugha nyingi hawawezi kuwa na kauli moja. Katika makala haya mafupi twakusudia kulipima dai hilo kwa historia ya Pittsburgh, mji wa Marekani uliotukuka kwa feleji, yaani chuma cha pua.

Utajiri wa mji huo ulitokana na makaa ya mawe ya jirani, mtapo wa chuma ulioletwa kutoka Minnesota, na mito iliyorahisisha uchukuzi. Mwaka 1901 viwanda vya Andrew Carnegie viliuzwa kwa dola milioni 480, vikawa uti wa mgongo wa United States Steel, kampuni ya kwanza yenye mtaji uliozidi dola bilioni moja.

Penye tanuri hali ilikuwa nyingine. Tangu mgomo wa Homestead ushindwe mwaka 1892, chama cha wafanyakazi kilikuwa kimevunjwa nguvu. Wengi walifanya kazi saa 12 kwa siku. Na zamu ya mchana ilipobadilishana na ya usiku, wengine walifululiza saa 24. Uchunguzi wa Crystal Eastman uliochapishwa mwaka 1910 ulihesabu watu 526 waliouawa kazini katika wilaya ya Allegheny kwa mwaka mmoja, 1906–1907. Kati yao, 195 walikuwa wafanyakazi wa feleji.

Kazi za ufundi zilishikwa hasa na wasemaji wa Kiingereza. Za sulubu waliachiwa Waslovakia, Wapolandi, Wakroatia na wageni wengine. Mgomo mkuu ulipoanza tarehe 22 Septemba 1919, waandalizi walihutubia kwa ndimi nyingi, nao wapinzani wakatangaza magazetini, kwa lugha kadhaa, wito wa kurudi kazini. Wageni hao wa ndimi mbalimbali ndio walioshikilia mgomo kwa uthabiti zaidi. Mafundi wa Kiingereza wengi wao walitangulia kurudi. Wamarekani weusi, waliobaguliwa na vyama vingi vya wafanyakazi, walitumiwa na waajiri kuuvunja mgomo. Tarehe 8 Januari 1920 ukakoma bila ushindi. Kupunguzwa kwa saa 12 kukangoja hadi mwaka 1923.

Yatubainikia, basi, kwamba ufa wa Pittsburgh ulipita kati ya vyeo, ujira na rangi. Lugha ilikuwa alama tu ya ufa huo. Anayetaka kujua kinachowatenga watu na atazame kwanza nani apewa kazi gani, ndipo ahesabu ndimi zao.