Maji Yaliyong'arisha Nywele za Paris

Katika Maonyesho ya Kimataifa ya Paris ya mwaka 1867, mfanyabiashara wa manukato kutoka London, E. H. Thiellay, akishirikiana na mtengeneza nywele wa Paris, Leon Hugot, aliwaonyesha watu maji yasiyo na rangi yenye uwezo wa kugeuza nywele nyeusi kuwa za dhahabu. Waliyapa jina la kifahari: maji ya chemchemi ya ujana wa dhahabu. Ndani ya chupa mlikuwa na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3.

Kemikali yenyewe haikuwa ngeni. Mwanakemia Mfaransa Louis Jacques Thénard alikuwa ameigundua tangu 1818. Hadi leo, saluni yenye taa za kisasa na viti vya ngozi inapomfanyia mteja blichi, inatumia peroksaidi ile ile. Kilichokua ni ustadi wa kuipima na kuizuia isile nywele, na hapo ndipo historia hii inapovutia.

Kabla ya peroksaidi, waliotaka nywele za rangi hafifu walitegemea jua na subira. Katika kitabu cha mavazi alichokichapisha mwaka 1590, Cesare Vecellio alichora mwanamke wa Venice akiwa ameketi darini juani. Amevaa kofia ya majani iliyotobolewa katikati: ukingo mpana unamkinga uso, nywele zimetolewa juu kupitia tundu na kutandazwa pande zote. Mkononi ana kijiti chenye sifongo, akizilowesha kwa dawa kila zinapokauka.

Peroksaidi ilifupisha kazi hiyo, lakini ilileta hatari zake. Ikichanganywa na amonia, magamba ya nje ya unywele hufunguka, dawa huingia ndani na kuvunja melanini, yaani chembe zinazoupa unywele rangi. Melanini nyeusi na ya kahawia huvunjika mapema. Ile yenye wekundu hung'ang'ania. Ndiyo maana nywele nyeusi hazirukii dhahabu moja kwa moja. Hupita kwenye wekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, na mtaalamu ndiye anayeamua zisimame wapi.

Ili wataalamu waelewane, vilibuniwa vipimo. Kimoja ni ngazi: kwenye mpangilio unaotumika zaidi, 1 ni nyeusi kabisa na 10 ni rangi hafifu sana ya dhahabu. Kingine ni voliumu, inayotaja kiasi cha oksijeni ambacho dawa inaweza kutoa. Peroksaidi ya asilimia 6 huitwa ya voliumu 20 kwa sababu lita moja hutoa takribani lita 20 za oksijeni. Ya asilimia 12 ni voliumu 40. Baada ya blichi huja tona ya kurekebisha. Manjano hufifishwa kwa zambarau, rangi ya chungwa kwa bluu, wekundu kwa kijani. Anayeruka hatua hii hutoka saluni na kichwa cha rangi ya chungwa, naye atalaumu dawa ilhali kilichokosekana ni maarifa.

Kuweka rangi ni habari nyingine, nayo ilizaliwa kwenye viwanda vya rangi za nguo. Mwaka 1856 kijana Mwingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akitafuta namna ya kutengeneza kwinini ya kutibu malaria, akaambulia rangi ya zambarau. Ugunduzi huo ulifungua mlango wa rangi za maabara. Katika miaka ya 1860 mwalimu wake, August Wilhelm von Hofmann, alichunguza parafenilinidiamini, inayofupishwa PPD. Molekuli zake ni ndogo, hivyo hupenya ndani ya unywele. Zikikutana na peroksaidi huungana na kuwa kubwa kiasi cha kushindwa kutoka. Hiyo ndiyo siri ya rangi isiyochuja kwa kuoshwa.

Mwanakemia wa Paris, Eugène Schueller, aliijenga biashara juu ya elimu hiyo. Mwaka 1907 alitengeneza rangi ya nywele akaipeleka kwa watengeneza nywele wa mji huo. Mwaka 1909 alisajili kampuni ambayo jina lake lilitangaza kwamba rangi zake hazina madhara. Leo inaitwa L'Oréal.

Baadaye Hollywood nayo ilikuwa na haraka yake. Mwigizaji Jean Harlow alipoonekana katika filamu ya Platinum Blonde mwaka 1931, wanawake wengi wa Marekani walitaka nywele nyeupe kama zake. Mtengeneza nywele wake alikuja kusimulia kwamba mchanganyiko aliopakwa ulikuwa na peroksaidi, amonia, dawa ya kung'arishia nguo na sabuni ya unga. Yeyote aliyewahi kunusa dawa hizo zikiwa pamoja anajua ni kwa nini hazipaswi kupakwa kichwani mwa binadamu.

Mwaka 1950 kampuni ya Clairol ilileta rangi iliyofanya kazi mbili kwa mpako mmoja, kung'arisha na kupaka. Tangazo lililoandikwa na Shirley Polykoff katikati ya muongo huo lilionyesha mama nadhifu akiwa na mtoto, ili kuiondolea rangi ya nywele sifa mbaya iliyokuwa nayo.

Michirizi ya rangi kwenye nywele ilikuwa na historia ya maumivu. Mteja alivishwa kofia ya mpira yenye vitundu, kisha nywele zikavutwa nje kidogo kidogo kwa sindano yenye ndoana na kupakwa dawa. Foili iliondoa adha hiyo: nywele hugawanywa kwa ncha ya kitana, zikapakwa na kukunjiwa ndani. Huko Paris, katika miaka ya 1970, baleyaji iliziacha nywele wazi, brashi ikipita juu juu kwa mkono huru ili mpaka kati ya rangi mbili usionekane. Ukitazama kwa karibu blichi ya kichwa kizima, utaona mtaalamu anaanza mbali na ngozi na kuyaacha mashina hadi mwisho, maana joto la kichwa huharakisha dawa.

Pwani ya Waswahili ina hina yake tangu enzi, ya mikono ya bibi harusi na ndevu za wazee. Lakini PPD imepata njia ya kuingia hapo pia. Piko nyeusi inayochorwa mikononi na miguuni Lamu, Mombasa na Unguja mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele. Umoja wa Ulaya huruhusu PPD kwenye nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 wakati wa kupaka, na hauiruhusu kuchorwa kwenye ngozi. Maelekezo ya rangi za nywele hutaka jaribio la saa 48 kabla ya kupaka, na ni haki ya bibi harusi kulipata mapema, kabla wachoraji hawajafika nyumbani. Malengelenge ya piko yanaweza kuacha makovu, na mwili uliokwisha kuikataa PPD mara moja huikataa tena, hata ikija ndani ya rangi ya saluni miaka mingi baadaye. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia yenye wekundu, nayo huhitaji saa kadhaa. Inayotoka nyeusi tititi ndani ya muda mfupi imetiwa kitu kingine.