Mipira ya nyama katika mchuzi wa krimu na jibini

Mipira ya nyama katika mchuzi wa krimu na jibini ni chakula kinachotengenezwa kwa nyama ya kusaga iliyofinyangwa kuwa vidonge vya mviringo, ikakaangwa au kuokwa, kisha ikamaliziwa kuiva ndani ya mchuzi mzito wa krimu ulioyeyushiwa jibini. Chakula hiki na jamaa zake wa karibu ni maarufu hasa katika nchi za Ulaya ya Kaskazini na Marekani, ambako maziwa ya ng'ombe ni sehemu kubwa ya chakula cha kila siku. Huliwa pamoja na viazi vya kuponda, tambi au wali.

Jina

Hakuna jina moja la Kiswahili lililokubalika kote. Wengi husema "mipira ya nyama". Watu wa pwani wana neno la zamani zaidi, yaani kababu, lakini kababu ya pwani hutiwa tangawizi, kitunguu saumu, bizari na pilipili, hukaangwa katika mafuta mengi, na huliwa kavu kwa ndimu au chatne. Huko Unguja hutumbukizwa pia katika bakuli la urojo. Anayejua kutengeneza kababu tayari anajua nusu ya chakula hiki. Nusu iliyobaki ni mchuzi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Historia

Kufinyanga nyama iliyopondwa ni desturi ya kale. Kitabu cha mapishi cha Kiroma kinachojulikana kwa jina la Apicius kina mapishi kadhaa ya namna hiyo. Neno la Kiajemi kufta, lenye maana ya "iliyopondwa", limezaa kofta ya Bara Hindi na köfte ya Kituruki. Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, aliyeandika kitabu chake cha mapishi mwaka 1226, anatia mipira ya nyama katika vyakula vingi vya sufuria.

Nchini Sweden mipira hiyo huitwa köttbullar, na mapishi yake yamo katika kitabu cha Cajsa Warg kilichochapishwa mwaka 1755. Mwezi Aprili 2018 akaunti rasmi ya Sweden katika mtandao wa Twitter ilitangaza kwamba köttbullar zimetokana na mapishi ambayo mfalme Karl XII aliyaleta kutoka Uturuki. Ni kweli kwamba mfalme huyo alikimbilia Milki ya Osmani baada ya kushindwa na Warusi huko Poltava mwaka 1709, akakaa huko hadi mwaka 1714. Tamko hilo liliwafurahisha Waturuki na kuwashangaza Waswidi wengi, lakini safari ya mfalme peke yake haithibitishi safari ya mapishi.

Kabla ya mashine ya kusagia nyama kuenea majumbani katika karne ya 19, nyama ilikatwakatwa kwa kisu hadi ilainike, kazi iliyohitaji muda na mikono mingi. Mashine ndiyo iliyokifanya kiwe chakula cha watu wa kawaida. Wahamiaji kutoka Sweden walikipeleka Marekani, hasa katika majimbo kama Minnesota na Illinois. Huko mchuzi wake ulirahisishwa katika karne ya 20 kwa supu nzito za kopo na jibini za viwandani. Kampuni ya IKEA ilianza kuuza köttbullar katika maduka yake mwaka 1985, na leo watu wengi duniani wamezijua kupitia maduka hayo kuliko kupitia jiko la Mswidi yeyote.

Mchuzi wa köttbullar wenyewe ni wa krimu tu, bila jibini. Wanaoweka jibini ni Wanorwei, ambao huyeyusha vipande vya brunost katika mchuzi wa krimu, hasa ule wa nyama ya porini. Brunost ni jibini ya kahawia yenye utamu, inayotengenezwa kwa kuchemsha maji ya maziwa yaliyoganda mpaka sukari yake iungue kidogo. Anne Hov wa bonde la Gudbrandsdalen anakumbukwa kwa kuongeza krimu katika maji hayo mnamo mwaka 1863. Wafaransa kwa upande wao wana mchuzi wa Mornay, yaani mchuzi mweupe wa maziwa, siagi na unga uliotiwa jibini kama Gruyère, na mapishi mengi ya leo ya mipira ya nyama kwa jibini yameufuata huo.

Nyama

Nyama inayofaa ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Nyama isiyo na mafuta kabisa hutoa mipira mikavu hata ikizamishwa katika krimu. Ulaya mara nyingi huchanganywa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Ya ng'ombe pekee, au ya ng'ombe na kondoo, hufaa vilevile.

Siri ya ulaini ni mkate uliolowekwa katika maziwa. Protini za nyama zinapopata moto hujikunja na kukamua maji nje. Wanga wa mkate huyashika maji hayo, na pia huzizuia protini zisishikamane kupita kiasi. Wapo wanaouona mkate kama njia ya kuongeza wingi ili nyama itoshe watu wengi, na hapana shaka umetumika hivyo pia, lakini mipira isiyo na mkate huwa migumu hata kwa tajiri.

Chumvi ina kazi zaidi ya ladha. Ikikandwa pamoja na nyama huyeyusha baadhi ya protini zake na kuifanya inate, ndipo mpira usipasuke. Hata hivyo, kukanda kwa muda mrefu huigeuza nyama kuwa kama mpira wa kuchezea. Ikishaanza kunata mkononi inatosha.

Mchuzi

Jibini ni wavu wa protini iitwayo kaseini, unaoshikiliwa pamoja na madini ya kalisi na kubeba mafuta na maji ndani yake. Ikipashwa moto kwa upole, wavu hulegea na jibini hutiririka. Ikipashwa moto mkali, protini hukazana na kuyatema mafuta: mchuzi hupata madonge kama ya maziwa yaliyoharibika, na mafuta ya manjano huelea juu. Mchuzi uliofikia hapo ni vigumu kuurudisha.

Kuna kinga tatu. Ya kwanza ni unga wa ngano uliokaangwa kwa siagi, kwa kuwa wanga wake hujipenyeza kati ya protini na matone ya mafuta. Ya pili ni joto dogo: jibini hutiwa mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Ya tatu hutumiwa zaidi viwandani, nayo ni chumvi za sitrati, ambazo huishika kalisi na kuulegeza wavu. Waswisi Walter Gerber na Fritz Stettler waliitumia njia hiyo mwaka 1911, na James L. Kraft alipata hataza ya jibini ya kusindikwa nchini Marekani mwaka 1916. Ndiyo sababu jibini laini ya kopo au ya vipande vilivyofungwa kimoja kimoja huyeyuka bila tabu, ingawa ladha yake ni hafifu.

Aina ya jibini ina uzito wake. Gouda, Gruyère na cheddar changa huyeyuka vizuri. Cheddar iliyokaa muda mrefu ina ladha kali lakini hutema mafuta upesi, hivyo huchanganywa na changa. Paneer haiyeyuki hata kidogo, kwa sababu imegandishwa kwa asidi na joto.

Krimu yenye mafuta asilimia 35 au zaidi huvumilia kuchemka. Maziwa ya kawaida hukatika yakikutana na ndimu au nyanya katika moto, na mtindi hukatika hata bila hizo.

Namna ya kupika

Kwa watu wanne huhitajika nyama ya kusaga gramu 500, mkate mweupe gramu 60 usio na ganda, maziwa mililita 120, yai moja, kitunguu maji kimoja, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga na kungumanga kidogo. Kwa mchuzi ni siagi gramu 30, unga wa ngano gramu 25, supu ya mifupa mililita 300, krimu mililita 200 na jibini iliyoparuzwa gramu 120.

Mkate huvunjwavunjwa na kulowekwa katika maziwa kwa dakika 10, kisha hupondwa uwe uji. Kitunguu hukatwa vidogo sana na kukaangwa hadi kilainike, halafu huachwa kipoe. Kikitiwa kibichi hutoa maji na kuipasua mipira. Vyote huchanganywa na nyama, yai, chumvi na viungo, na mchanganyiko huwekwa mahali pa baridi kwa nusu saa ili ufinyangike kwa urahisi. Mikono iliyolowa maji hufinyanga bila kunatwa. Mipira ya sentimita 3 hadi 4 hupatikana 30 hivi.

Mipira hukaangwa kwa mafungu katika kikaango kipana, na isigusane, kwani ikijazana hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Rangi ya kahawia na harufu yake hutokana na mmenyuko uliopewa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Unahitaji uso mkavu na joto kali kuliko la maji yanayochemka. Katika hatua hii ndani hakujaiva, wala hakuhitaji kuiva.

Mipira ikitolewa, masalio yaliyogandia kikaangoni hayaoshwi, kwa sababu ndiyo yanayoupa mchuzi ladha ya nyama. Siagi huyeyushwa humo humo, unga hukaangwa kwa dakika moja au mbili, na supu huongezwa kidogo kidogo huku ikikorogwa ili isiwe na madonge. Krimu hufuata. Mchuzi ukichemka polepole mipira hurudishwa na kufunikwa kwa dakika 8 hadi 10. Kisha kikaango huepuliwa, mchuzi huachwa utulie dakika moja, na jibini hutiwa kiganja kwa kiganja huku ukikorogwa taratibu. Chumvi huonjwa baada ya hapo, si kabla, kwa kuwa jibini ina chumvi yake. Ukizidi uzito huongezwa supu ya moto.

Kikibaki, hupashwa moto mdogo pamoja na maziwa kidogo. Moto mkali hukitenganisha hata kama jana yake kilitoka sawa.

Usalama

Katika kipande kizima cha nyama bakteria hukaa zaidi juu, ambako moto huwaua mara moja. Kusaga huwachanganya hadi ndani, na kwa sababu hiyo mpira wa nyama uliokaangika nje na kubaki mbichi katikati ni hatari kuliko mshikaki ulio katika hali hiyo hiyo. Mwaka 1993 watoto wanne walifariki na mamia ya watu wakaugua katika majimbo ya magharibi ya Marekani kwa kula nyama ya kusaga isiyoiva, iliyokuwa na bakteria aina ya E. coli O157:H7. Mamlaka za Marekani hushauri nyama ya kusaga ya ng'ombe ifikie nyuzi 71 za Selsiasi katikati. Rangi si kipimo cha kutegemea, maana nyama inaweza kuwa ya kahawia kabla ya kufikia joto hilo. Asiye na kipimajoto afinyange mipira midogo na kuupa mchuzi muda wake wote.

Dini na afya

Sheria za chakula za Wayahudi hukataza kupika nyama pamoja na maziwa, kwa hiyo chakula hiki hakiliwi na wanaozifuata. Uislamu hauna katazo hilo, bali mlaji huangalia nyama iwe halali, mchuzi usiwe na mvinyo, kama ilivyo desturi ya wapishi wengi wa Ulaya, na chanzo cha kimeng'enya kilichogandisha jibini, kwa kuwa baadhi hutolewa katika tumbo la ndama na kingine hutokana na kuvu.

Watu wazima wengi wa Afrika na Asia hawameng'enyi vizuri laktosi, sukari ya maziwa, ingawa jamii za wafugaji kama Wamasai huivumilia zaidi. Jibini iliyokomaa ina laktosi kidogo sana. Inayowasumbua ni krimu na maziwa.

Jibini katika Afrika ya Mashariki na Kongo

Jibini inayofaa mchuzi huu hutengenezwa pia karibu na nyumbani. Nchini Kenya hutoka hasa katika nyanda za juu, zikiwemo za Limuru. Njombe, kusini mwa Tanzania, hutoa jibini za mtindo wa Kiitalia. Katika Kivu ya Kaskazini, vilima vya Masisi hutoa jibini ya maduara inayofanana na Gouda, ambayo huuzwa Goma na kusafirishwa hadi Kinshasa. Hii ya Masisi, ikiwa changa, huyeyuka katika krimu bila kutema mafuta.