Mnazi na Mgema katika Historia ya Unguja

Kila nchi ina mmea ulioizoea ardhi yake na kuipa jina. Huko Ufaransa, eneo la Bordeaux lasifika kwa mizabibu ya Cabernet Sauvignon na Merlot, na Burgundy kwa Pinot Noir. Hapa kwetu Tanzania, Dodoma ni nchi ya zabibu. Katika kisiwa cha Unguja, mmea ulioshika nafasi hiyo ni mnazi, nao pia hutoa kinywaji chake: tembo.

Mnazi ni mwenyeji wa kale. Al-Masudi, msafiri wa Kiarabu wa karne ya 10, aliandika kwamba minazi iliota katika visiwa vingi vya nchi ya Zanj, na kwamba watu wake walizila nazi. Unguja mnazi hustawi katika udongo mzito wa magharibi, na hata katika mchanga wa ufukweni huko Paje, Jambiani na Makunduchi, ambako mawe ya matumbawe huikataa mikarafuu.

Aina zake kuu ni mbili. Mnazi mrefu huchelewa, kwani huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8, lakini huishi miaka mingi na nazi zake hufaa kwa tui na mbata. Kitamli ni mfupi, huzaa mapema, nao hupendwa kwa madafu yake matamu.

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Kwa kotama yake hukata ncha ya karara changa kabla halijafunguka, kisha hutundika kibuyu kukinga utomvu. Tembo hilo huwa tamu linapoteremshwa. Baada ya saa chache huchacha na kulevya, na baada ya siku kadhaa huwa siki. Lakini karara linalogemwa halizai nazi. Hivyo kila mwenye mnazi hana budi kuchagua: tembo la leo, au nazi za mwakani.

Uchaguzi huo umeunda utamaduni wetu. Wengi wa watu wa Unguja, kwa kuifuata dini yao inayokataza kileo, waliliacha karara lizae. Kutoka katika nazi walipata tui la mchuzi, mafuta na mbata. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni yalitoa usumba, na kwa kamba zake ilishonwa mitepe, vyombo visivyo na misumari. Hata hivyo mgema hakutoweka. Lugha yenyewe imemhifadhi katika methali ya mgema anayesifiwa hata akalitia tembo maji.

Historia ya mashamba nayo haikumwacha mnazi. Inasimuliwa kwamba Sayyid Said bin Sultan aliamuru ipandwe mikarafuu 3 kwa kila mnazi 1. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu na minazi mingi ya Unguja, na baadaye wenye mashamba wengi waligeukia mnazi, usiohitaji wachumaji wengi. Kwa miaka mingi mbata ilifuata karafuu katika bidhaa zilizopakiwa melini Mjini.

Vijana wetu hufundishwa kwamba Unguja ni kisiwa cha karafuu. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Karafuu ilijenga majumba ya Mji Mkongwe. Mnazi uliezeka nyumba za shamba, ukafunga majahazi na kuunga chungu cha kila jioni. Minazi mikongwe inapoanguka bila kupandwa mingine mahali pake, huanguka pamoja nayo elimu ya mgema, ya msusi wa makuti na ya msokota kamba. Apandaye mnazi leo huwapandia wajukuu.