Saa Moja ya Defoe

Julai 1703, mwandishi Daniel Defoe alisimamishwa hadharani London siku tatu mfululizo, shingo na mikono ikiwa imebanwa kwenye mbao, mfano wa mkatale. Kosa lake lilikuwa kijitabu cha kejeli kuhusu siasa za kanisa. Umati uliruhusiwa kukurushia matope, mayai viza, hata mawe. Wapo waliofia pale. Uingereza iliifuta adhabu hiyo mwaka 1837 na sijui nani angeililia.

Ila ilikuwa na saa. Defoe alisimama saa moja kila siku, mbao zikafunguliwa, akarudishwa gerezani, na kabla mwaka haujaisha alikuwa huru. Mwaka 1719 akachapisha Robinson Crusoe. Waliomtazama walilazimika kuja kwa miguu yao, na jioni walirudi makwao.

Monica Lewinsky hakupimiwa saa. Januari 17, 1998, tovuti ya Drudge Report ilitoboa habari ambayo jarida la Newsweek lilikuwa limeizuia: Rais Bill Clinton alikuwa na uhusiano na binti aliyekuwa katika mafunzo ya kazi Ikulu. Binti huyo alikuwa na miaka 24. Kwa siku chache tu jina lake likazunguka dunia, na likawa mzaha. Mimi mwenyewe nililijua kama mzaha miaka mingi kabla ya kujua kwamba lilikuwa na mwenyewe.

Septemba 11 mwaka huohuo, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 363 kwa 63 kuitoa ripoti ya mwendesha mashtaka Kenneth Starr. Kurasa 445, faragha zote za chumbani zikiwemo, ziliwekwa kwenye intaneti siku ileile. Aliyekuwa akichunguzwa ni Rais. Februari 1999 Seneti ilimwachia, akamaliza muhula wake na kuondoka kwa heshima zote za ustaafu. Lewinsky alikwenda London, akapata shahada ya umahiri katika saikolojia ya jamii mwaka 2006, kisha akaomba kazi na kukataliwa, tena na tena, kwa sababu ya historia yake. Nami niko katika umahiri. Hapo nilisimama kusoma kwa muda.

Alikaa kimya karibu muongo mzima. Kilichomrudisha, alieleza katika hotuba ya mwaka 2015, ni kifo cha mwanafunzi mmoja wa chuo mwaka 2010, aliyejiua baada ya mwenzake wa chumba kumchungulia kwa kamera ya kompyuta. Mama yake Lewinsky aliumia kupita kiasi kwa kijana ambaye hakuwahi kumwona. Ilimchukua binti muda kuelewa kwamba mama alikuwa amerudi 1998, alipokuwa akikaa kando ya kitanda chake kila usiku, na kumtaka aoge mlango ukiwa wazi.