Ndoana katika Uaso Nyiro

Wakati wa kiangazi, maji ya mto Uaso Nyiro yanapopungua, mto huacha vidimbwi virefu kando ya mikoma na migunga. Mahali hapo ndipo nilipowakuta vijana watatu siku moja ya mwezi wa Februari, upande wa Isiolo, nje ya mipaka ya hifadhi ya wanyama. Wote walikuwa wanafunzi wa shule moja ya sekondari. Wa kwanza alikuwa Mturkana, wa pili Mmeru, wa tatu Mborana. Walikuwa na fito tatu, mishipi ya nailoni, na kopo la nyungunyungu kwa chambo. Waliketi mbali kidogo na ukingo, maana mamba hawana likizo.

Kabla ya adhuhuri walikuwa wamepata perege wanne na kambare mmoja mwenye sharubu ndefu. Mturkana aliwasha moto, na Mmeru akawapasua samaki. Yule kijana wa Kiborana, ambaye ndiye aliyemvua kambare, hakula. Alikunywa chai yake, akacheka pamoja na wenzake, kisha akasugua mikono yake kwa mchanga mara tatu ili harufu isimfuate nyumbani. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwa adabu, "Bibi yangu akijua nimeshika samaki, atasema ng'ombe wetu wamekwisha."

Maneno hayo machache yana historia ndefu. Basi, msomaji, tuifuate historia hiyo kama mtu afuatavyo mto, kutoka chemchemi zake hadi mahali unapopotelea.

Jina la Uaso Nyiro limetoka katika lugha ya Kimaa, na maana yake ni mto wa maji ya rangi ya udongo. Vijito vyake vya kwanza huteremka kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Maji hayo hupita Laikipia yakielekea kaskazini, kisha hugeuka mashariki na kuingia nchi kavu ya Isiolo na Samburu. Baada ya mwendo wa kilomita 700 hivi, mto humwaga maji yake katika kinamasi cha Lorian. Yanapotokea mafuriko makubwa sana, maji hukivuka kinamasi hicho na kufuata bonde la Lagh Dera kuelekea Somalia. Lakini katika miaka mingi mto huu hauioni bahari. Hufa jangwani kama msafiri aliyeishiwa na akiba.

Zamani Wazungu hawakuyajua mambo hayo. Walikuwa wamesikia habari za Lorian, wakadhani ni ziwa kubwa. Mmarekani mmoja, William Astor Chanler, akifuatana na Ludwig von Höhnel wa Austria, alisafiri katika nchi hizi kati ya mwaka 1892 na 1894. Waliufuata mto, wakapita maporomoko ambayo mpaka leo yana jina la Chanler, wakatazamia kuona ziwa lenye mawimbi. Walichokiona ni matete na matope. Wenyeji hawakushangaa, kwa sababu walikuwa wakinywesha mifugo huko kabla Chanler hajazaliwa.

Katika maji ya mto huo samaki walikuwapo tangu kale: kambare, kuyu na perege. Mwaka 1912 mtaalamu wa samaki, George Boulenger, alimweleza kitabuni perege mmoja wa mto huu, akampa jina la Blayney Percival, aliyekuwa mlinzi wa wanyama wa porini katika nchi hii. Hivyo samaki aliandikwa katika vitabu vya London, ilhali watu wengi walioishi kando ya mto hawakuwa na haja naye.

Huenda ukauliza, kwa nini watu wenye njaa wapite penye samaki bila kuwavua? Swali hilo ni jema, lakini lina hatari ya kutufanya tuwadharau wazee wetu. Kwa Waborana, Wasamburu na wafugaji wengi wa Kisomali, chakula cha heshima kilitoka katika zizi. Mifugo ilikuwa chakula, na tena ilikuwa mahari, diya, sadaka na urafiki. Mtu asiye na ng'ombe hakuwa na kitu cha kufunga undugu na wenzake. Wasemao Kimaa waliwaita watu walioishi kwa kuwinda na kukusanya asali kwa neno ambalo limekuwa Dorobo, na maana yake ilikuwa maskini wasio na ng'ombe. Kwa hiyo kula samaki kulikuwa kama kutangaza kufilisika. Bibi yake yule kijana hakumchukia samaki; aliuogopa umaskini.

Waturkana walikuwa na desturi nyingine. Wao pia hupenda ng'ombe na ngamia kuliko vitu vyote, lakini waliokaa karibu na ziwa lao walijua kuvua, na mfugaji aliyepoteza mifugo aliweza kwenda ziwani akaokoa roho yake mpaka apate mbuzi wa kuanzia tena. Samaki kwao alikuwa daraja la kuvukia shida. Ukame mkubwa ulipowapiga Waturkana mwaka 1960 na 1961, serikali iliwasaidia wengi waliofilisika kuvua katika Ghuba ya Ferguson. Baadaye, kwa msaada wa Norway, kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa Kalokol. Kilipofunguliwa katika miaka ya 1980 hakikudumu, kwani gharama ya kutengeneza baridi katika nchi ya moto ilizidi faida, na ziwa lenyewe lilirudi nyuma likaiacha ghuba hiyo kavu. Wafadhili walidhani mvuvi hubaki mvuvi. Lakini Mturkana wengi alivua ili apate kurudi kwenye mifugo.

Sasa tupande tena mto mpaka kwenye chanzo chake, tukautazame uvuvi wa namna nyingine. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan, yule aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, aliagiza mayai ya samaki aitwaye trauti kutoka Loch Leven huko Scotland. Mayai hayo yalisafirishwa kwa baridi ya barafu, na samaki waliototolewa wakatiwa katika mto Gura wa Nyandarua. Baada ya miaka michache wakaletwa trauti wa aina nyingine, mwenye rangi za upinde wa mvua. Samaki hawa hupenda maji ya baridi yaendayo kasi, nao wakastawi katika vijito vya milimani, hata katika vile vinavyolisha Uaso Nyiro, kama Naro Moru, Burguret na Nanyuki. Mwaka 1948 kituo cha kuzalisha trauti kilianzishwa Kiganjo ili mito isiishiwe na samaki.

Trauti hawakuletwa ili kushibisha watu. Waliletwa kwa mchezo. Mlowezi aliyechoka na shamba alitaka kusimama mtoni na marafiki zake siku ya Jumamosi, kama alivyofanya kwao utotoni. Nia hiyo haikuwa mbaya. Ni nani asiyekumbuka mto wa kwao? Lakini mchezo huo ulikuja na leseni na masharti, na Mwafrika aliyezaliwa kando ya kijito kile akajikuta hana ruhusa ya kutia mshipi wake katika maji aliyoogea tangu utoto. Hivyo katika mto mmoja palikuwa na watu wa namna mbili: juu, waliovua bila njaa, chini, waliokuwa na njaa bila kuvua.

Wala Kenya haikuwa peke yake katika kuhamisha samaki. Huko Marekani kuna samaki mashuhuri aitwaye besi wa milia, ambaye hukaa baharini na kupanda mitoni kutaga mayai. Katika pwani ya mashariki, marafiki huenda kumvua kama vijana wetu waendavyo kwenye vidimbwi. Mwaka 1879, miaka 10 tu baada ya reli kuunganisha pwani mbili za nchi ile, besi wadogo 130 hivi walipakiwa garimoshi huko New Jersey, wakapelekwa California. Kabla ya miaka 20 kupita walikuwa wameongezeka hata wakauzwa sokoni kwa wingi. Uaso Nyiro hauwezi kupata mgeni wa namna hiyo kutoka baharini, kwa kuwa hauna mlango wa bahari. Hata hivyo samaki mwingine mwenye jina la besi, yaani besi wa mdomo mpana, aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 akatiwa katika ziwa Naivasha; na perege walikuwa wametangulia kutiwa humo mwaka 1925. Samaki mdogo wa asili wa ziwa hilo hakuonekana tena baada ya mwaka 1962.

Mwaka 1970 kamba wekundu wa maji matamu, wenye asili ya Marekani, walitiwa Naivasha kwa ajili ya biashara. Nao hawakutulia mahali walipowekwa. Leo wamo hata katika Uaso Nyiro, ambako fisi maji wamejifunza kuwala. Kutia kiumbe majini ni kazi ya dakika moja, lakini kumtoa huweza kuwashinda wajukuu. Hilo ni fundisho la kwanza la historia hii.

Fundisho la pili ni chungu zaidi, nalo linahusu maji yenyewe. Baada ya uhuru, vita vilivyoitwa vya Shifta, vya mwaka 1963 hadi 1967, viliwaangamizia Waborana wa Isiolo mifugo yao mingi. Watu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, na ng'ombe wakafa kwa kukosa malisho au kwa risasi. Wengi waliotoka humo walikuwa maskini kwa mara ya kwanza katika ukoo wao. Baadhi yao walianza kulima mashamba ya umwagiliaji kando ya mto, kwenye vivuko ambavyo Waborana huviita malka. Kwa hiyo mto uliokuwa kinywaji cha mifugo ukawa pia shamba la watu.

Lakini wakati huohuo watu wa juu nao waliongezeka. Katika nchi ya Nanyuki, Timau na Laikipia mashamba ya mboga na maua yalitanuka, na kila shamba lilitoa mfereji au bomba lake mtoni. Kila mtu alichota kidogo, na jumla ya vidogo vingi ikawa mto mzima. Tangu miaka ya 1980 Uaso Nyiro umekauka mara kadhaa karibu na Archer's Post, mahali ambapo zamani ulipita mwaka mzima. Halafu, kama kwamba unalipiza kisasi, tarehe 4 Machi 2010 ulifurika ghafla ukazoa kambi za watalii katika hifadhi ya Samburu. Mto ulionyang'anywa misitu ya kuushika haujui kiasi: ama hauna kitu, ama unazidi. Tangu mwaka 2013, wakazi wa bonde hili hufanya matembezi pamoja na ngamia kando ya mto, wakiomba usikatwe kabla haujawafikia walio chini.

Sasa turudi kwenye kidimbwi chetu. Yule kijana wa Kiborana alimaliza kusugua mikono, akatazama maji. Akasema kwamba babu yake aliwahi kumwonyesha mahali ambapo, siku za ujana wake, mtu mzima hakuweza kuvuka kiangazi bila kulowa kifua. Mahali hapo ndipo tulipokuwa tumeketi, na viatu vyetu vilikuwa vikavu.

Nikafahamu kwamba ugomvi wa kula samaki au kutokula ni mdogo. Bibi na mjukuu watapatana, kama ambavyo desturi hupatana na zamani zake: polepole, na mara nyingine kwa kufumbiana macho. Mturkana, Mmeru na Mborana wamekwisha kupatana, kwa kuwa walikaa kwenye moto mmoja, na aliyekula hakumcheka asiyekula. Jambo kubwa ni kwamba kukosa samaki ni kukosa kitoweo, bali kukosa mto ni kukosa samaki, maziwa, shamba na kwao pia.

Ninyi mnaosoma haya, huenda wengine mmezaliwa juu ya mto na wengine chini yake. Aliye juu hamwoni aliye chini, lakini kila afunguapo mfereji humfanyia jambo jema au baya. Wazee wa malka walikuwa na zamu za kunywesha, na mtu aliyekuja kwanza hakuruhusiwa kukitia kisima matope kwa ajili ya atakayefuata. Sheria hiyo haikuandikwa kitabuni, lakini iliwahifadhi watu katika nchi kavu kwa vizazi vingi. Ikiwa twataka vijana wengine watatu waje na fito zao mahali pale baada ya miaka 50, sheria hiyo yatupasa kuikumbuka, kuanzia theluji ya Mlima Kenya mpaka matete ya Lorian.